Nyanya ya Mapema: Siri Iko Kwenye Majani na Joto

Umesia mbegu, umetia alama kwenye kalenda, na pakiti imekuahidi nyanya mbivu kwa siku 60. Siku ya 60 inafika, unainama bustanini, unakuta vigololi vya kijani. Wengi wakifika hapo hulaumu mbegu, au hukimbilia mbolea ya kukuzia. Lakini pakiti haikudanganya. Kwa kawaida siku hizo huhesabiwa tangu mche unapohamishwa kutoka kitaluni, si tangu mbegu inapoingia udongoni. Mche hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4, na penye baridi zaidi ya hapo. Kwa hiyo nyanya ya siku 60 ni nyanya ya karibu miezi mitatu tangu kusia.

Kujua hilo kunapunguza manung'uniko, ila hakuwahishi tunda. Anayetaka nyanya za mapema kweli aelewe mambo mawili yanayouongoza mmea wenyewe: idadi ya majani na kiasi cha joto.

Majani kwanza, ua baadaye

Mche wa nyanya hauchanui mpaka utimize idadi fulani ya majani. Kwa aina nyingi ni majani 8 hadi 12, ndipo kishada cha kwanza cha maua kinapotokeza. Baada ya hapo aina zinaachana njia. Aina ndefu, kama Money Maker, hutoa majani matatu, kisha kishada, kisha majani matatu mengine, na huendelea hivyo maisha yake yote. Aina fupi, kama Roma VF, Cal J na Tanya, hutoa jani moja au mawili tu kati ya kishada na kishada, na baada ya vishada vichache ncha ya shina yenyewe hugeuka ua. Urefu unakoma, na matunda yanaiva karibu kwa pamoja.

Ufupi huo ulizuka wenyewe, haukubuniwa na mtu. Mwaka 1914, huko Florida nchini Marekani, ulionekana mnyanya uliojikatia ukuaji. Jeni inayoizuia ncha ya shina isigeuke ua mapema ilikuwa imepata hitilafu. Kutokana na kasoro hiyo wazalishaji wa mbegu wamepata aina nyingi fupi zinazolimwa leo duniani.

Jeni nyingine husoma urefu wa mchana. Mababu wa nyanya walikuwa mimea ya porini huko Amerika Kusini, karibu na ikweta, ambako mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Ukiipanda nyanya hiyo ya porini penye mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini, inachelewa sana kuchanua. Nyanya za shambani huchelewa kidogo tu, na mwaka 2017 watafiti wa maabara ya Cold Spring Harbor, New York, wakiongozwa na Zachary Lippman, walieleza sababu: katika nyanya zilizofugwa na binadamu, jeni ya kuchelewesha imedhoofika. Walipoizima kabisa, maua na matunda yaliwahi zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki mchana haubadiliki sana. Kinachobadilika ni joto, na hapo ndipo mkulima wa nyumbani ana la kufanya.

Joto linaharakisha, likizidi linaharibu

Chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi nyanya karibu haikui. Kadiri joto linavyopanda juu ya hapo, ndivyo hatua zake zinavyokwenda mbio. Ndiyo maana mbegu ileile huwahi Morogoro na kukawia Lushoto au Njombe.

Lakini mbio hizo zina mpaka. Mchana ukipita nyuzi 32, au usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 hivi, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kushika tunda. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ambaye nyanya zake zinachanua Januari na Februari huyaokota maua chini. Dawa si kunyunyizia kitu. Sia mwezi wa Mei, masika inapoishilia, ili maua yaje Julai na Agosti, usiku ukiwa na ubaridi. Wa nyanda za juu yeye aikwepe miezi hiyohiyo, kwani baridi itamchelewesha.

Joto huamua hata rangi. Wekundu wa nyanya unatokana na laikopini, ambayo hutengenezwa vizuri kati ya nyuzi 20 na 25. Joto likizidi nyuzi 30, kazi hiyo husimama huku rangi za manjano zikiendelea, na tunda hubaki na rangi ya chungwa hata ungesubiri wiki nzima. Lichume pindi kitako kinapoanza kugeuka, ulitandaze ndani, mahali pa kivuli na hewa. Wakati huo limeshaanza kutoa gesi yake ya ethilini, inayoliivisha bila msaada wa mmea. Ukilifunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, litawahi zaidi. Usiliweke kwenye friji kabla halijaiva, maana baridi hiyo huliharibu.

Mikono ya mkulima

Tumia samadi iliyooza vizuri, na usizidishe naitrojeni, kwa sababu huongeza majani na kuchelewesha matunda. Uhamishapo mche, ufukie hadi karibu na majani ya kwanza. Sehemu ya shina iliyozikwa huota mizizi. Mwagilia kwa kipimo kisichobadilika: ukame wa leo na mafuriko ya kesho huzuia kalisi kufika kwenye tunda, likaoza kitako. Machipukizi ya pembeni ya aina ndefu huondolewa. Ya aina fupi yaache, kwa kuwa ndiyo yatakayobeba mavuno yako.

Kuwahi nako kuna gharama. Mmea wenye majani machache hutengeneza sukari kidogo, na mavuno yake huisha upesi. Basi usisie mbegu zote siku moja. Sia kidogo kila baada ya wiki tatu, na jikoni hapatakosa nyanya.

Hata hivyo, faida ya kuwahi ni kubwa wakati huu wa kantangaze, mdudu aliyetoka Amerika Kusini na kuingia Tanzania mwaka 2014. Penye joto, kizazi chake kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja. Mnyanya unaomaliza mapema humnyima nafasi ya kuzaa vizazi vingi, mradi uyang'oe na kuyafukia masalia mara baada ya kuvuna.

Msimu huu andika tarehe tatu: ya kusia, ya kuhamisha mche, na ya tunda la kwanza kutunga. Kuanzia hiyo ya tatu hesabu siku 40 hadi 60, kulingana na aina na baridi ya mahali pako. Baada ya misimu miwili utakuwa na kalenda ya bustani yako mwenyewe, na hiyo ndiyo ya kuifuata kuliko pakiti yoyote.