Mapambo ya Krismasi na Hatari Zake kwa Paka wa Nyumbani: Mifano ya Kitale na Bungoma

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna mapambo ya sikukuu, hasa ya Krismasi, yanavyoweza kumdhuru au hata kumuua paka wa nyumbani. Mifano yake ni ya miji ya Kitale na Bungoma pamoja na vijiji vinavyoizunguka, magharibi mwa Kenya. Huenda msomaji akaiona mada hii kuwa ya mzaha, kwa kuwa katika ngano zetu paka aghalabu ni mlaghai au mlamba vyungu. Katika boma la mkulima wa Trans Nzoia, hata hivyo, paka ni mlinzi wa ghala. Mahindi ya eneo hili hupandwa Machi na Aprili, na mavuno huendelea tangu Oktoba hadi Desemba. Msimu wa mapambo basi huwadia wakati uo huo magunia yanapoingizwa ghalani na panya kuyafuata. Anayempoteza paka siku ya Krismasi huelewa kwa hesabu ya debe, si kwa mafumbo, maana ya methali isemayo kuwa paka akiondoka panya hutawala.

Mti na Uzi

Mti wa Krismasi wa sehemu hizi, mara nyingi, ni tawi la msipresi lililokatwa uani au kununuliwa kando ya barabara, likasimamishwa katika ndoo ya mchanga. Hutundikwa baluni, kadi za zamani, taa ndogo za umeme na mikanda ya nailoni inayometameta. Kisha hutupiwa vipande vya pamba viwe theluji, japo waliopamba hawajawahi kuiona theluji ila kileleni mwa Mlima Kenya katika picha. Paka huvutiwa na vyote hivyo. Mchanga wa ndoo huufanya choo, jambo ambalo huwaudhi wenye nyumba lakini halimdhuru yeye. Hupanda tawi na kuliangusha, na tufe la kioo likivunjika humkata nyayo. Madhara ya aina hii huonekana papo hapo, na ni nadra kuua.

Kinachoua ni uzi. Ulimi wa paka umejaa vijiba vigumu vilivyoelekea kooni. Ndivyo vinavyomwezesha kuchana manyoya yake na kukwangua nyama mfupani. Kwa sababu hiyo, akiisha kuutia mdomoni mkanda wa mapambo, utepe wa zawadi au uzi wa cherehani, ni vigumu kuutema. Kila anapojaribu kuusukuma nje kwa ulimi, vijiba huurudisha ndani. Ncha moja yaweza kunasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, ilhali sehemu iliyobaki hushuka katika utumbo mwembamba. Utumbo nao hujikaza na kujilegeza ili kuusukuma uzi mbele. Kwa kuwa uzi hausogei, utumbo ndio unaoupanda na kujikunja juu yake.

Yeyote aliyemtazama fundi wa nguo akitia marinda kwenye sketi atalielewa jambo hili bila kufungua kitabu cha tiba. Fundi huupitisha uzi kwenye kitambaa, akaushika ncha na kuuvuta. Kitambaa kikajikusanya mikunjo mikunjo. Utumbo wa paka hujikusanya vivyo hivyo, isipokuwa uzi uliokazwa huendelea kuukereza kila unaposogea, hadi utoboke. Uchafu ukimwagika ndani ya tumbo, paka hufa kwa maambukizi.

Ulinganisho huu na fundi una sababu ya pili. Desemba ni mwezi wa nguo mpya. Vibarazani mwa maduka ya Kitale na Bungoma, na katika masoko madogo kama Kamukuywa na Chwele, cherehani hazipumziki, na nyumba nyingi zina kibweta cha nyuzi na sindano. Uzi uo huo ndio unaofungiwa baluni. Sindano ikiwa bado imetungwa, paka humeza vyote viwili.

Dalili zake ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kujikunyata pembeni na kutotaka kuguswa tumbo. Iwapo uzi unaning'inia mdomoni au matakoni mwa paka, usivutwe kamwe, kwani kuuvuta ni kumalizia kazi ya kukereza utumbo.

Ua na Jina Lake

Hatari ya pili imefichwa na lugha. Watu wengi wamesikia kwamba poinsetia, ua jekundu la Krismasi lenye asili ya Mexico, ni sumu kali. Habari hiyo imetiwa chumvi. Mmea huo ni wa ukoo mmoja na mnyaa. Utomvu wake mweupe humfanya paka atokwe na mate na kutapika, lakini ni nadra umuue. Ua linaloua hupambia madhabahu na meza za arusi bila kushukiwa na mtu, nalo ni lile ambalo wafasiri wamezoea kuliita yungiyungi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Kiasili yungiyungi ni ua la majini, lenye majani yanayoelea bwawani. Hilo halina sumu hii. Biblia ya Union Version, katika Wimbo Ulio Bora, ilichagua neno nyinyoro, ambalo halisikiki sana katika mazungumzo ya leo. Kwa hiyo jina la ua la bwawani limekuja kubeba mimea mingine isiyo na undugu nalo. Mmoja ni ule wa nyanda za juu, wenye jani jeupe lililojikunja kama karatasi ya kufungia njugu na kijiti cha manjano katikati. Huo humchoma paka mdomo kwa fuwele zake, lakini figo huziacha salama. Mwingine ni yungiyungi la wauza maua, lenye petali sita na chavua ya rangi ya kutu inayochafua nguo. Jani moja la mmea huu, chavua iliyolambwa kwenye manyoya, au maji ya chombo cha maua, yaweza kuharibu figo za paka kwa muda wa siku moja hadi tatu. Mbwa akiula huumwa tumbo tu. Onyo la kwamba yungiyungi ni sumu kwa paka basi ni kweli kwa mmea mmoja, nusu kweli kwa mwingine, na uongo kwa ule wenye jina lake halali.

Daktari

Nyaya za taa, zenye volti 240, zichomolewe wenye nyumba wanapolala. Nyama iliyoungwa kwa vitunguu asitupiwe paka, kwani vitunguu huharibu damu yake. Kosa baya zaidi hufanywa kwa huruma: paka anatapika, naye mwenye nyumba anampa kipande cha tembe ya parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo, na kipande hicho chatosha kumuua.

Madaktari wa mifugo wa sehemu hizi hushughulikia zaidi ng'ombe wa maziwa, na siku ya Krismasi wengi wao wako makwao. Inafaa namba ya mmoja wao itafutwe mapema, kwa kuwa paka aliyekula yungiyungi la wauza maua huhitaji kuanza kutiwa maji mshipani kabla ya saa 18 kupita. Anayempeleka achukue pia ua lenyewe, au picha yake katika simu. Akilitaja kwa jina tu, daktari atabaki akijiuliza ni lipi kati ya matatu.