Mashine Sita, Mwili Mmoja



Mtu mzima akionekana anakusanya vichezeo vya watoto, majirani humcheka. Lakini iko aina moja ya vichezeo ambayo sisi wa viwandani na mashambani, Jinja na Mbale, tunafaa kuitazama kwa makini. Nayo ni roboti za plastiki zinazogeuzwa kuwa magari, kisha zikaunganishwa kuwa jitu moja kubwa.

Asili yake ni Japani. Kampuni ya Takara ya mjini Tokyo ilianza kuuza roboti zake za Diaclone mwaka 1980. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikaanza kuziuza nyingi kati ya hizo kwa jina la Transformers, na mwaka 1985 likatoka jitu lililoitwa Devastator.

Jitu hilo ni mashine sita za ujenzi. Bonecrusher ni katapila. Scavenger ni mashine ya kuchimba. Scrapper ni shoveli ya kupakia udongo. Hook ni gari la kreni, Long Haul ni tipa, na Mixmaster ni lori la kuchanganya zege. Wenzetu waliojenga Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, hawahitaji kuelezwa kazi ya mashine hizo. Zikipachikwa pamoja, Mixmaster na Scrapper huwa miguu, Bonecrusher na Scavenger huwa mikono, Long Haul huwa kiuno, na Hook huwa kifua na kichwa.

HESABU YA MKUSANYAJI

Mashine hizo ziliuzwa pia moja moja. Mtoto aliyenunuliwa moja alilia apewe tano zilizobaki, na hiyo ndiyo hesabu ya mfanyabiashara. Hesabu ya mkusanyaji ni nyingine. Yeye hutafuta seti kamili, kwa kuwa mashine tano hazisimamishi jitu. Viko pia vipande vidogo, kama vile ngumi, vinavyopachikwa wakati wa kuunganisha tu. Ngumi ikipotea, jitu lote lina kilema na bei yake hushuka. Kwa hiyo mkusanyaji mwerevu hadanganywi na rangi. Hukagua viungo kwanza, kama fundi mitambo anavyokagua nati na bolti kabla ya zamu.

Watoto wetu nao wanaijua elimu hii bila kwenda dukani. Anayeunda gari la waya, magurudumu yake yamekatwa kutoka kandambili kuukuu, anajua kwamba bila ekseli gari halitembei hata likiwa zuri namna gani.

Mzazi anayenunua kichezeo, kipya au cha mtumba, afanye vivyo hivyo. Avute kila kiungo aone kama kinang'oka. Kipande kidogo kinachotoka kinaweza kumkaba mtoto mchanga kooni. Plastiki ya zamani huwa kavu, na ikivunjika huacha ncha kali.

MIKONO ILIYOVIUNDA

Lakini kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi, nalo ni habari za mikono inayounda vichezeo. Tarehe 10 Mei 1993, moto ulizuka katika kiwanda cha Kader, karibu na Bangkok, nchini Thailand. Hawakuwa wakiunda roboti tulizozitaja. Walikuwa wakitengeneza wanasesere na wanyama wa kitambaa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Nguzo za chuma hazikuwa zimekingwa dhidi ya moto, zikalegea, na jengo likaporomoka upesi. Wafanyakazi 188 walikufa, wengi wao wanawake vijana, na mamia wakajeruhiwa.

Miezi sita baadaye, tarehe 19 Novemba 1993, kiwanda kingine cha vichezeo kiliungua, mara hii Shenzhen nchini China. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ilikuwa imefungwa. Walikufa 87. Kichezeo kinachomfurahisha mtoto wa nchi moja kilikuwa kimemuua binti wa nchi nyingine.

Wafanyakazi wa Thailand na vyama vyao hawakunyamaza. Waliandamana na kudai fidia, na baadaye serikali yao ikaifanya tarehe 10 Mei kuwa siku ya taifa ya usalama kazini.

SISI JE?

Uganda inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haifungui mlango. Wa kuuliza ni sisi: mlango wa dharura uko wapi? Ufunguo anao nani? Marobota ya pamba au magunia yamewekwa mbele yake? Mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini?

Akiuliza mmoja, ataitwa mkorofi. Wakiuliza msokotaji na mfumaji, mkata miwa na dereva wa trekta, mtu wa boila na mfungaji wa magunia, wote kwa sauti moja, wataitwa mezani. Hapo ndipo Devastator anapotufaa. Hook ndiye kichwa, lakini bila Mixmaster na Scrapper hasimami. Kiongozi wa chama ni vivyo hivyo, hasimami bila wanachama wake. Nao wanachama wasiounganika ni kama mashine sita zilizotawanyika sakafuni, kila moja na nguvu zake, ila jitu halipo.

Basi, kabla ya zamu ya wiki hii kwisha, kila mmoja ahesabu milango ya mahali pake pa kazi, ajaribu kama inafunguka, na ampelekee taarifa mwakilishi wa chama. Usiseme ni kazi ya mwingine, kwa maana ngumi moja ikikosekana, jitu lina kilema.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu!