Jasho bila daftari? Unajidanganya!

Mshikaji, kama unadhani mazoezi ni mpaka uwe na jimu na vyuma vya kunyanyua, panda boti pale Nyamisati uende Mafia, ukafike Kanga, kaskazini ya kisiwa. Kule kiwanja ni ufukwe, na mwanafunzi aliyepewa kazi ya kujipangia programu ya mazoezi anaweza kuchuma maksi zake bila kutoa senti tano.

Siri ni kipimo. Mwaka 1968 daktari wa Marekani, Kenneth Cooper, alitangaza jaribio lake: kimbia dakika 12, pima umefika umbali gani. Basi! Kamba, saa na daftari vinatosha. Andika pia mapigo ya moyo asubuhi, kabla hujatoka kitandani.

Hapa ndipo wengi wanachemsha. Maji yakitoka, mchanga ulioloa ni mgumu, unapaa tu. Yakijaa, unabaki na mchanga laini unaovuta miguu. Ukijipima mara ya kwanza kwenye laini, ya mwisho kwenye mgumu, utajisifu bure, kumbe bahari ndiyo iliyokubeba!

Dawa yake? Jipime siku ya bamvua maji yakiwa yametoka, kisha rudia bamvua ya tatu inayofuata, kama wiki sita hivi. Maji yatatoka saa karibu zilezile. Katikati, kimbia siku tatu kwa wiki ukiongeza kidogo kidogo.

Namba zikipanda, programu imejibu. Zikigoma, usizipike! Mweleze mwalimu kwa nini zimegoma, ubadilishe mpango. Kujikagua ndiko huko. Kazi kwako!