Maziwa Mabichi na Homa Isiyokwisha

Msafiri apitaye Kabuku, wilayani Handeni, huyaona mashamba ya mkonge na, mara kwa mara, kundi la ng'ombe likikatiza. Mifugo ya bara huvushwa bahari hadi Unguja na Pemba. Basi ya zizini huko ni ya jikoni visiwani.

Ugonjwa tunaoukusudia ni ule wa kutupa mimba. Bakteria wake hukaa katika maziwa, kondo la nyuma na maji ya uzazi. Mfugaji aliyemzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu hushikwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Hutibiwa malaria, na malaria siyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika mjini Tanga kwa watu wa kazi za mifugo, ulionyesha kuwa wafanyakazi wa machinjioni ndio walioambukizwa zaidi. Hao ndio watulishao sikukuu zote.

Ndugu zetu wa visiwani wajue kuwa siri hii ilifichuliwa kisiwani, huko Malta. David Bruce alivitambua vijidudu hivyo mwaka 1887. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akabaini kuwa mbuzi ndio waliovibeba. Askari wa Kiingereza walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka 1906, homa ikapungua upesi.

Kuchemsha maziwa hakungoji bajeti. Kila mama aweza. Lakini glavu za mchinjaji, chanjo ya mitamba na kipimo cha damu katika zahanati havipatikani kwa kumhimiza mwananchi mkutanoni. Hivyo vinangoja saini za maofisa.