Nani Ataandika Tarikhi ya Vijiji vya Marafa?

Mwanafunzi wa sekondari huko Marafa aweza kukueleza, pasipo kusitasita, jinsi mataifa ya Ulaya yalivyokutana Berlin mwaka 1884 kuzungumzia Afrika. Muulize ni ukoo gani uliofyeka msitu mahali ilipo shule yake, naye atakutazama kana kwamba umemtegea kitendawili. Lawama si yake. Hakuna kitabu kilichompa jibu, na mzee aliyekuwa nalo aghalabu hakuulizwa.

Uingereza iliamuru tangu mwaka 1538 kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1899 wasomi wake walianza kuandika historia ya kila kaunti, parokia kwa parokia, kazi ambayo haijamalizika hadi leo. Kijiji chenye kanisa moja na nyumba chache kina sura yake, na jirani yake vilevile. Sisi hatukuwa na madaftari. Tulikuwa na majina.

Mto uitwao Sabaki karibu na bahari huitwa Galana huko juu, neno la Kioromo lenye maana ya mto. Basi jina lenyewe lashuhudia ni nani waliokuwa wakinywesha mifugo humo kabla Wagiriama hawajavuka kwenda kaskazini katika karne ya 19. Tazama pia lile korongo mashuhuri la Marafa. Wageni, na siku hizi hata watoto wetu, hulitaja kwa jina la Kiingereza lenye maana ya jiko la jehanamu. Wenyeji huliita Nyari, yaani mahali palipovunjika penyewe. Ngano husimulia juu ya matajiri waliooga maziwa hadi ardhi ikawameza. Wanajiolojia hutaja mvua na upepo vinavyomomonyoa mchanga. Kwa maoni yangu jina la Kigiriama, lisilotaja moto wala shetani, li karibu zaidi na sayansi kuliko lile la watalii.

Katika eneo hilo hilo, kijijini Bungale, ndipo lilipo kaburi la Mekatilili wa Menza. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Mekatilili ni mama wa Katilili. Alikamatwa Oktoba 1913 akapelekwa magharibi mwa Kenya, akatoroka, akarejea Pwani mwaka 1914. Agosti mwaka huo Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, kisha Wagiriama wakatozwa faini, wakadaiwa vijana wa kazi, na walioishi kaskazini mwa Sabaki wakaamriwa wahame. Nyumba zilichomwa. Ilipita miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Hapa historia ya kijiji si pambo tena. Sheria ya mwaka 1908 ilitaka madai ya ardhi katika ukanda wa Pwani yaandikishwe, na penye madai yasiyotambuliwa ardhi ikawa mali ya Serikali. Miongo mingi baadaye, mradi wa makazi wa Magarini, uliosaidiwa na Australia tangu miaka ya 1970, ulifyeka vichaka kwa matingatinga na kupima viwanja palipokuwa pakilimwa tayari. Mjukuu wa mtu aliyefukuzwa mwaka 1914 akaitwa skwota. Angejitetea kwa waraka upi?

Walimu wa Marafa, Garashi na Bungale hawana haja ya kungoja ufadhili wa chuo kikuu. Daftari na kalamu vyatosha. Vijiji jirani vikisimulia tukio moja kwa namna mbili, zote mbili ziandikwe. Mwalimu asijitie kuzisawazisha. Mzee akisema madzi na mudzi, mwanafunzi asiandike maji na mji, maana tafsiri yaweza kufanywa baadaye lakini sauti ya mzee haitarudi. Tena waanze na visima, miti na makaburi, kwa kuwa wazee hukumbuka mahali kabla ya kukumbuka mwaka. Kisha ndipo waulize ni nani katika ukoo aliyezaliwa kabla ya kuhamishwa, nani alizaliwa ng'ambo ya mto, na nani alikuwa wa kwanza kurudi.