Kiti Chenye Feni au AC Nzima: Pesa ya Pikapu Iende Wapi?

Muuzaji wa magari wa Dar es Salaam anayetaka kukupandishia bei ya dabo kebini siku hizi haanzi na injini. Anafungua mlango, anakushikisha kiti cha ngozi chenye vitundu vidogo vidogo, anabonyeza kitufe na kukwambia, "Kaka, hiki kinapoza mpaka mgongo." Kwa mtu aliyetoka kwenye jua la Februari, maneno hayo yanatosha kutoa pochi. Basi kabla hujaitoa, ujue unachouziwa.

Viti vya kupoza viko vya namna mbili, na sokoni vyote vinaitwa jina moja. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo iliyoenea, ni feni ndogo iliyofichwa chini ya makalio na nyingine mgongoni. Hakuna gesi humo wala mashine ya baridi. Feni inasukuma au inavuta hewa iliyomo ndani ya gari, hewa hiyo inapita kwenye vitundu vya ngozi na jasho linakauka. Saab walikuwa na viti hivi kwenye 9-5 tangu 1997. Namna ya pili ina kipande cha umeme kinachofuata kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, ungio moja linapoa na jingine linapata moto. Hewa hupitishwa upande wa baridi ndipo ije kwako. Hiki kinapoza kweli, lakini ni ghali, kinakula umeme zaidi, na kikiharibika si fundi yeyote wa gereji atakayekigusa.

Cha feni hakizalishi baridi hata chembe. Pikapu iliyoshinda juani Kariakoo huwa na joto linaloweza kupita nyuzi 50 ndani. Ukiwasha kiti wakati huo, unajipulizia hewa ya nyuzi 50 mapajani. Lazima AC itangulie, ipoze hewa, ndipo kiti kiwe na kitu cha kukuletea.

Na AC yenyewe ni jokofu lililogawanywa sehemu mbili, moja mbele ya injini na nyingine nyuma ya dashibodi. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inakamua gesi mpaka inapata moto na mgandamizo mkubwa. Gesi inaingia kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, inatoa joto lake kwa upepo na kugeuka kimiminika. Kisha inapenyezwa kwenye vali nyembamba, mgandamizo unashuka ghafla, inachemka ndani ya mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi na kugeuka gesi tena. R134a, gesi iliyomo kwenye magari mengi yaliyoko barabarani kwetu, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa wazi. Kuchemka huko ndiko kunakofyonza joto la kebini. Unyevu wa hewa nao unageuka kuwa matone kwenye mabomba hayo baridi na kudondoka chini ya gari. Kwa hiyo ukiona maji safi yanadondoka upande wa abiria, usimwite fundi.

Hayo matone yana maana kubwa kwa mtu wa pwani. Jasho hukauka upesi penye hewa kavu. Dodoma, hata ukifungua vioo, feni ya kiti itakusaidia sana. Dar, Tanga au Mombasa hewa imeshashiba maji. Feni inahangaika na shati linabaki limelowa. Mtu wa pwani anahitaji mashine inayokausha hewa, na hiyo ni AC. Ndiyo maana naona ajabu kumkuta mnunuzi wa Kigamboni akilipia viti vya feni kwenye gari ambalo AC yake "inahitaji gesi kidogo tu."

Tuje kwenye matumizi. Tuchukue saa mbili za foleni kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na dizeli kwa shilingi 3,000 lita ili hesabu iwe rahisi. Kompresa ikichukua wastani wa kilowati moja na nusu kutoka kwenye injini, itakula karibu nusu lita kwa saa, yaani lita 26, shilingi 78,000 kwa mwezi. Feni za viti viwili zikila wati 40, hazifiki hata lita mbili kwa mwezi mzima. Tofauti hiyo ndiyo hoja ya kweli ya viti hivi: mgongo ukipoa, dereva anaridhika na AC iliyopunguzwa. Maabara ya serikali ya Marekani ya nishati jadidifu, NREL, iliwahi kukadiria kwamba viti vya feni vingepunguza mafuta yanayoliwa na AC kwa takriban asilimia 7. Kwa hesabu yetu hiyo ni kama shilingi 5,500 kwa mwezi. Linganisha na nyongeza anayokudai muuzaji, uone itachukua miaka mingapi kurudi.

Pesa nyingi zaidi hupotelea kwenye "kujaza gesi". Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Ikipungua, imevuja, na anayekujazia kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu anakula na wewe. Fundi wa kweli anatafuta panapovuja, anaziba, anavuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu nusu saa au zaidi, kisha anajaza kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Mwulize pia gesi yake imetoka wapi. Mwaka 2011 kontena za baridi zililipuka Vietnam na Brazil na kuua watu, kwa sababu R134a bandia ilikuwa imechanganywa na kemikali inayoshambulia aluminiamu. Mtungi wa bei ya kutupa si wa kuchezea. Na usome kibandiko vizuri: gari jipya likiwa limeandikwa R1234yf, jiandae, gesi hiyo ni ghali mara kadhaa.

Pikapu ina matatizo yake ya ziada. Tope na vumbi la barabara za mashamba huziba kondensa, na ngao kubwa ya mbele yenye taa za kuongezea huzuia upepo. Kuosha kondensa kwa maji ya mgandamizo mdogo ni dawa ya bei rahisi kuliko zote. Singo kebini hupoa haraka kwa kuwa ni ndogo. Dabo kebini nyingi hazina matundu ya AC nyuma, na abiria wa nyuma hawatafaidi kiti cha feni pia, maana mara nyingi kimewekwa mbele tu.

Mengine ni akili ya kawaida. Viti vya kitambaa havichomi kama ngozi. Mto wenye feni unaochomekwa kwenye tundu la sigara unafanya karibu kazi ileile kwa bei ndogo sana. Na ukishanunua viti vya vitundu, usivivishe kava za plastiki. Hapo feni imezibwa pumzi.

Ukienda kukagua, chukua kipimajoto cha jikoni na karatasi ya tishu. Washa injini, AC mpaka mwisho, hewa ya ndani izunguke, subiri dakika kumi, weka kipimajoto kwenye tundu la dashibodi. Nyuzi 10 au pungufu ni AC nzima. Kisha weka tishu juu ya kiti: feni ya kuvuta itaing'ang'ania, ya kusukuma itaipeperusha, na ikilala tu, kiti kimekufa. AC ikifeli, omba punguzo la kompresa nzima au ondoka. Kiti kikifeli, nunua gari hivyohivyo, ila nyongeza ya kiti usiilipe.