Betri Ndogo ya Saa Yaweza Kuua Mtoto

Wafanyakazi wenzetu, nanyi akina mama wa kambini, ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia, viatu na vumbi la mgodi. Leo tuingie nyumbani.

Jioni moja mama alinijia zahanati na mtoto wa miaka 2. «Dokta, mtoto anakatala kula, mate tu inatoka.» Nilimwangalia koo, nikasikiliza kifua, nikampa dawa ya mafua. Kesho yake walirudi. Mate yalikuwa na damu kidogo. Ndipo kaka yake mdogo akasema kwamba toshi ndogo ya nyumbani imefunguka na kile kiduara cha ndani hakionekani. Tulimpeleka kupigwa radiyo. Betri ilikuwa imekwama katika mrija wa chakula. Ilitolewa, na mtoto anaishi, lakini mrija ulibaki na kovu, na kwa miezi mingi alimeza uji mwepesi tu. Kosa la siku ile ni langu. Sikuuliza swali moja: kuna kitu kimepotea nyumbani?

Betri hizi za duara kama kifungo cha shati zimo katika saa, toshi ndogo, midoli inayoimba, rimoti, hata katika mizani fulani ya mfukoni ya kupimia dhahabu. Za kuogopwa zaidi ni za lithiamu, zenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, zilizoandikwa 2032 au 2025. Kwa upana huo zinakwama upesi katika koo la mtoto mdogo.

Wengi wanadhani hatari ni sumu inayovuja kutoka ndani. Hata ikiwa nzima kabisa, betri inaunguza. Mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita katika nyama, na upande wa hasi yanatokea majimaji makali kama soda ya kutengenezea sabuni. Masaa 2 yanatosha kuunguza vibaya. Ile iliyokufa, isiyowasha tena toshi, nayo ina nguvu iliyobaki ya kuunguza. Basi usiiache dirishani ukisema imekwisha.

Dalili ni mate mengi, kukataa chakula, kukohoa, kutapika, maumivu ya kifua. Mtoto mwingine haonyeshi kitu. Kwenye picha ya radiyo betri hufanana na fedha ya chuma, ila ukingo wake huonekana kama pete ndani ya pete. Na sisi Kongo tunatumia noti. Ukiona duara, fikiri betri kwanza.

Ukishuku tu, nenda hospitali usiku uleule. Kama haina vyombo vya kuitoa, itabidi mtoto ahamishwe, na njia ya Bukavu kwa milima ya Ngomo inakula masaa. Usimtapishe. Usimpe chakula wala maji. Kama amepita mwaka 1, bado anaweza kumeza, na hayajapita masaa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, mara 6 tu, mkiwa njiani. Asali inapunguza ukali, haiponyi; msizunguke sokoni kuitafuta. Aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali. Betri ikiwa puani au sikioni, usitie dawa ya matone.

Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 ili kifuniko cha betri hizi kisifunguliwe kirahisi na mtoto. Midoli mingi ya bei ndogo katika masoko yetu hufunguka kwa ukucha. Baba, wewe unayejua kufunga vizuri vyombo vya kazi, zungusha utepe wa gundi juu ya kifuniko hicho. Betri za zamani zifunge kwa utepe uleule, uziweke juu mpaka zitupwe.

Jambo jingine: hata baada ya betri kutolewa, kidonda kinaweza kufika kwenye mshipa mkubwa wa damu, siku au majuma baadaye. Mtoto akitapika damu, hata kidogo, au choo kikiwa cheusi, mrudisheni hospitali saa ileile na mwambieni muuguzi mlangoni kwamba alimeza betri.